Inhela ya mama inaisha haraka: tukamwambie nini daktari?

SWALI: Mama yangu ana miaka 64. Amepikia kuni tangu ujana na daktari alisema ana COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Anatumia inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu humaliza kila wiki tatu na bado kifua kinambana. Tukaombe dawa yenye nguvu zaidi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hesabuni kwanza. Inhela ya bluu, yaani salbutamol, kwa kawaida ina mipulizo 200. Ikiisha kwa wiki tatu, mama anapuliza mara tisa au kumi kwa siku. Mpeni daktari idadi hiyo. Ukimwambia tu "inaisha haraka" hatajua aanzie wapi. Kama kopo halina kihesabio, andikeni juu yake tarehe ya kulifungua, maana gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha.

Nendeni na inhela zote mbili, mama apulize daktari akimtazama. Inavyotakiwa: atikise kopo, atoe pumzi, abane midomo, aanze kuvuta taratibu ndipo abonyeze mara moja, kisha azuie pumzi sekunde 10. Akibonyeza kabla ya kuvuta, dawa huishia kooni, na hapo hata iliyo kali zaidi haitamfaa. Wazee wengi hushindwa hapa, kwa hiyo ulizieni spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Ikikosekana, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafaa: toboeni kitako tundu linalobana mdomo wa inhela bila kuvujisha, naye avutie kwenye mdomo wa chupa. Ioshwe kwa maji ya sabuni ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa kunaitia chaji ya umeme, dawa ikaganda kwenye plastiki.

Swali zito zaidi linahusu ile ya kahawia. Someni lebo, ikiwa ni beclometasone, hiyo ni steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ni tiba kuu ya pumu, lakini kwa COPD haitolewi peke yake kama dawa ya kila siku, na inaweza kuongeza hatari ya nimonia. Muulizeni daktari: mama alipimwa kwa spirometa, kile kifaa cha kupulizia kinachopima uwezo wa mapafu? Je, anahitaji dawa ya kutanua njia za hewa inayodumu saa 12 au 24? Ile ya kahawia asiiache kabla ya kuambiwa, na kila akiivuta asukutue na kutema maji, asije akapata utando mweupe mdomoni.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, msisubiri kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.