Shangazi, jirani anajua mpaka nimenunua maini!

"Shangazi shikamoo. Nimepanga Tandika, nyumba ya vyumba sita, choo na bomba vya pamoja uani. Sasa kuna mama wa chumba cha mbele, kutwa yuko kibarazani na ungo anachagua mchele, na mchele wenyewe hauishi. Anajua natoka saa ngapi, narudi na nani, boda gani kanishusha. Juzi napita tu ananiambia 'leo maini eeh', na kweli yalikuwa maini! Naogopa isije ikawa mambo ya giza. Kuna elfu tatu ya umeme wa luku anasema ananidai ila hiyo sio ishu. Nihame?"

Marahaba mwanangu. Kwanza uchawi tuutoe hapo. Maini hakuyaota, kayaona. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ule mfuko mweusi uliokuwa unatusitiri ndo basi tena, sa hivi bucha wanakutilia nyama kwenye kile kifungashio kinachoonyesha kila kitu, we unakatiza nacho mtaa mzima damu inachuruzika alafu unashangaa mtu kajua. Beba kikapu, juu weka mchicha. Ila akiona mchicha mtupu atasema hela imeisha, huyo humuwezi.

Mana hawa watu ni mafundi jamani, mi nawapa maua yao. Yule wala hahitaji kugeuka, anasikia kandambili tu anajua ni mpangaji wa chumba gani na leo kaamka vibaya. Ukianika shuka Jumatano ana stori, usipoanika ana stori mbili. Na ile "mwenzetu umependeza, kwema huko?" usidhani ni salamu, ile ni fomu, unatakiwa ujaze unakoenda na saa ya kurudi.

Zamani hii kazi ilikuwa na mwenyewe, balozi wa nyumba kumi, toka enzi za TANU miaka ya 60 huko. Mgeni akilala kwako sharti balozi ajue. Siku hizi balozi mwenyewe wengi hawamjui hata sura, kwahiyo mama wa watu kajitolea, hana posho, hana likizo, na mvua ikinyesha anasogeza kigoda ndani kidogo anaendelea na zamu.

Alafu tusiongopeane. Barua yako nimeifupisha hapo juu ila ulivoniletea umenieleza huyo mama anaamka saa ngapi, mumewe anakuja siku gani, mpaka dada yake aliyemletea kitenge mkaona sio original. We hayo umeyajulia wapi kama hushindi dirishani? Na pazia lako hilo jepesi, na yeye anakuona vizuri tu.

Nihame nihame, utahamia wapi? Kodi wanataka ya miezi sita mkononi na huko utakuta mwingine na ungo wake. Cha kufanya muwahi wewe. Asubuhi kabla hajauliza mwambie, "shikamoo mama, naenda kazini, narudi jioni, leo napika dagaa." Umbea unataka siri, ukimpa bure unamharibia kabisa. Na huyo kaka wa boda asikushushie kona ya pili, ashuke hapo hapo mlangoni amwamkie, mtu anayejificha ndo anapata kipindi kizima. Ila angekuwa anakupiga chabo bafuni au anagusa simu yako hapo ningekwambia nenda kwa mwenye nyumba leo leo, hiyo ni kesi nyingine.

Sasa turudi kwenye ile sentensi uliyoichomeka mwishoni ukidhani shangazi haoni. Nyumba nzima mna mita moja, kila mtu anachangia, we hujachanga na kila jioni unapitisha pasi, kwanini asikutolee macho? Asiangalie wewe amwangalie nani? Mtu anayekudai lazima ajue unarudi saa ngapi, na akikuona na maini ndo kabisa, anajua hela unayo.

Mpelekee elfu tatu yake leo, na kibakuli cha maini.