Kwa waliofika karibuni kwenye meza ya kesi za mabaharia: lifuteni swali la hiari

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia majalada yenu ya usafirishaji haramu wa watu, na karibu kila ukurasa wa kwanza una swali moja: "Ulikwenda kwa hiari yako?" Nimewaona mnavyokesha na kazi hii, na ndiyo sababu nawaambia bila ya kuzunguka. Swali hilo linaua kesi.

1. Hiari. Alikuja kijana wa Micheweni. Wakala alimwahidi kazi ya deki kwenye meli ya uvuvi wa bahari kuu, mshahara kwa dola, mkataba kwa lugha asiyoisoma. Alipopanda tu, nahodha alichukua pasipoti na kitabu chake cha baharia akavifungia kabatini. Viatu vya mpira, glavu, sigara, hata dawa ya kichwa, vyote viliandikwa kwenye daftari la meli vikatwe mshaharani. Samaki walihamishiwa meli nyingine huko huko baharini na mafuta yakaletwa huko huko, kwa hiyo miezi ikapita chombo hakijagusa bandari. Aliporudi, mwenye kalamu akamuuliza kama alikwenda kwa hiari. Kijana kalelewa asiseme uongo, akajibu: "Naam, kazi niliitaka mwenyewe, na sahihi ni yangu." Ulipigwa? "La." Maelezo yakaishia hapo. Jalada likarudi na mstari mmoja: mlalamikaji aliridhia, afungue madai ya mshahara. Amdai nani? Wakala keshahama chumba, na meli inapeperusha bendera ya nchi ambayo mwenye meli haishi. Mama yake alikuwa akija ofisini kuuliza jambo moja tu, kama kile kitabu kimepatikana, maana bila hicho mwanawe hapati meli nyingine. Hatukuwa na la kumjibu.

Itifaki ya Palermo ya 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, mnaijua: kosa lina sehemu tatu, tendo, njia (kama udanganyifu) na lengo. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, au kwa kutumia shida ya mtu, haihesabiki. Kwa aliye chini ya miaka 18 hata njia haihitaji kuthibitishwa. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji huo inafanya kazi Bara na Visiwani. Basi muulizeni aliahidiwa nini na akakuta nini, nani alishika karatasi zake, na kama angetaka kushuka, nani angemzuia na kwa njia gani. Shirika la Kazi Duniani limetaja dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Kijana yule alikuwa na nne wazi kabla hujafika kwenye kupigwa: udanganyifu, kunyang'anywa hati, deni na kutengwa.

2. Dago, yaani kambi ya wavuvi ugenini, si utumwa. Mvuvi wa Kojani akenda dago Kenya, akakatwa gharama ya chakula na mafuta kabla ya mgao, huo ni utaratibu anaoujua tangu mdogo, na akichoka anapanda chombo kinachorudi. Mmoja wenu alitaka kumfungulia jalada mwenye chombo kwa hilo, na wazee wakakasirika. Haki yao. Lakini siku mwenye chombo akimwambia "huondoki mpaka deni liishe", hapo fungua jalada, awe jirani yako au mjomba wako.

3. Bendera. Mnaandika jina la meli tu! Jina hupakwa rangi na bendera hubadilishwa, kwa hiyo andikeni namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), ambayo haibadiliki, ikiwa meli inayo. Kwenye bahari kuu, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 92, unaiweka meli chini ya nchi ya bendera peke yake. Kifungu cha 110 kinaruhusu manowari kuipanda meli inayoshukiwa kufanya biashara ya watumwa, lakini kazi ya kulazimishwa haikutajwa. Kwa hiyo meli ikifunga gati Malindi hapa Unguja, ambako si bahari kuu tena, saa zile ni zenu; msingoje kesho. Na kumbukeni kuwa Zanzibar ina daftari lake la kusajili meli za nje. Ikiwa bendera ni yetu, barua inakwenda Mamlaka ya Usafiri Baharini, hapa hapa.

4. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 hauhusu meli za uvuvi. Tumieni Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa kazi za uvuvi, wa 2007, ulioanza nguvu 2017, baada ya kuhakikisha nchi ya bendera imeuridhia.

5. Mashahidi. Someni kesi ya Benjina, Indonesia. Mwaka 2015 wavuvi wengi wa Myanmar waligunduliwa kisiwani huko, wengine wamefungiwa, na mwaka uliofuata mahakama ya Tual ikawatia hatiani watu wanane. Watu walipatikana nchi kavu, wakasikilizwa. Huku kwetu shahidi anaahirishiwa kesi mpaka anachoka, na baharia akipata meli anaondoka; ana watoto wa kulisha. Ombeni mapema ushahidi wake uchukuliwe. Anayetoka Pemba mtumieni nauli ya boti kabla hajaiomba, na msimwite bila ya kuhakikisha kuwa hakimu yupo siku hiyo.