Boneti yenye matundu haitibu injini inayochemka

Swali: Fundi, shikamoo. Ninaishi Malindi na ninaendesha Subaru Impreza isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini). Nikielekea Mombasa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mshale wa joto hupanda. Nikiingia kwenye foleni ya Mtwapa hushuka. Nimeuziwa boneti ya faiba yenye matundu karibu na kioo cha mbele. Fundi wa mtaani anasema ataifunga na kuiondoa themostati, ile vali inayozuia maji hadi injini ipate joto, na tatizo litakuwa limekwisha. Je, nimruhusu?

Jibu: Marahaba. Usimruhusu, na themostati usikubali iguswe.

Karibu kila wiki naletewa gari ambalo mwenyewe ameaminishwa kwamba joto ni kama moshi wa jikoni, yaani ukitoboa tundu popote paani litatoka. Hilo lina ukweli gari likiwa limesimama. Likienda kasi, kinachoamua hewa ipite wapi ni mkandamizo wake juu ya bodi. Hewa inayopanda juu ya boneti hugonga kioo cha mbele na kujikusanya pale chini yake, hivyo mkandamizo wa mahali hapo huwa mkubwa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka hapo mdomo wa kuingizia hewa ndani ya gari. Ukitoboa matundu hapo, katika mwendo wako wa kilomita 100, hewa itaingia kwenye chumba cha injini badala ya kutoka. Ikishajaa humo, hewa inayotakiwa kupenya rejeta, yaani kipoza maji cha injini, kutoka mbele hukosa pa kwenda, na rejeta hupoza kidogo kuliko ulipokuwa na boneti ya kiwandani. Wale wanaoinua nyuma ya boneti kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba wanafanya kosa hilohilo, na wanaongeza hatari ya harufu ya mafuta na moshi kuvutwa hadi kwenye viti.

Matundu yanayofaa hukaa mbele, nyuma kidogo ya rejeta, mahali ambapo mkandamizo juu ya boneti ni mdogo na hewa moto hunyonywa nje. Asiyeamini abandike vipande vifupi vya uzi wa sufi kuzunguka matundu, aendeshe barabara iliyo wazi, na abiria atazame nyuzi zinalalia upande gani. Na pua iliyo kwenye boneti ya Impreza yenye tabo isikuchanganye, kwa kuwa kazi yake ni kuingiza hewa ya kupoza intakula, kifaa kinachopoza hewa inayosukumwa na tabo. Gari lako halina intakula.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Gari linalopata joto kwenye foleni hunifanya nishuku feni. Lako hupata joto likikimbia na kupoa likienda polepole, kwa hiyo ninashuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au kifuniko cha rejeta kisichoshika mkandamizo. Hapa pwani rejeta hushambuliwa pande zote mbili: nje, upepo wa bahari hula mapezi ya alumini, ndani, wengi humimina maji ya kisima yenye chumvi kwa sababu kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ni ghali, kisha hushangaa njia za maji zinapoota gamba. Anza kwa kuipima na kuisafisha rejeta, au kuibadilisha, na uweke kulanti sahihi.

Kuhusu themostati, sijui ni nani aliyewafundisha mafundi wetu kwamba ni kizuizi. Katika baadhi ya injini, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji; ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta kabisa, na gari linalokimbia huzidi kuchemka. Wakati wa asubuhi injini hiyohiyo huchelewa kupata joto lake, ikala mafuta na kulika mapema.

Ukiitaka boneti hiyo kwa sura tu, ni haki yako, lakini kagua kwanza kufuli yake. Boneti ya kiwandani ina ndoano ya pili inayoishika endapo kufuli ya kwanza itaachia, na mbavu za ndani zilizopangwa ili ikunjike katikati gari likigongana, isije ikarudi nyuma na kupenya kioo. Faiba nyingi za bei rahisi hazina mbavu hizo, na wapo wanaochukua boneti nzima ya chuma, wakaikata kwa grainda na kuondoa mbavu ili tundu lipendeze. Kama ndoano ya pili haipo, funga pini mbili za boneti mbele, zishikwe na chuma cha fremu. Zikishikwa na plastiki ya bampa ni kama hakuna kitu. Kuna gari nililoletewa likiwa na pini zilizofungwa kwa skrubu za mbao. Boneti ilikuwa imefunguka njiani baada ya Gongoni, ikavunja kioo na kupinda paa, na dereva alikuwa amesimamisha gari kwa kuchungulia dirishani.