Gesi ya AC kwa Gari la Zamani: Maswali Yenu

Nina Land Cruiser ya 1991. Fundi anasema gesi yake haipo tena madukani. Naweza kujaza R-134a moja kwa moja? (Tanga)

R-134a sawa. Hiyo "moja kwa moja" ndiyo itakayokuulia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Gari lako lilitoka na R-12, gesi inayokula tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoipiga vita, na nchi kama zetu zilipewa mpaka 2010 kuacha kuiagiza. Shida ni oili. Ile ya zamani haichanganyiki na R-134a, kwa hiyo inalala kwenye evaporeta (sehemu inayopooza hewa ya ndani) huku kompresa ikizunguka kavu. Fundi aimwage kadiri itakavyotoka, aweke oili ya esta inayochanganyika na R-134a, abadilishe draya (chujio linalonyonya unyevu) na oringi (mipira ya kuziba maungio), kisha avute vakyumu, yaani anyonye hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi. Hapo ndipo gesi iingie, tena kwa mizani. Kibandiko cha AC kwenye gari kikisema gramu 900 za R-12, anzia 750 hivi. Anayejaza huku akichungulia kioo cha draya mpaka mapovu yaishe atakuzidishia.

Fundi wangu wa friji ana R-22 ya bei poa. Vipi? (Morogoro)

Muache nayo. Kwenye joto la kondensa (ile kama rejeta inayotoa joto la AC nje), presha yake inaizidi R-12 kwa zaidi ya nusu. Mipira ya AC ya gari haikutengenezwa kwa hiyo.

Nimeona watu wanaweka gesi ya kupikia, na AC inapuliza baridi kweli. (Mombasa)

Inapuliza, sibishi. Propani na butani zinapooza vizuri. Lakini evaporeta iko nyuma ya dashibodi, karibu na magoti yenu, na ikitoboka gesi inayowaka inaingia mlimo na watoto. Marekani wamekataza kabisa kuiweka badala ya R-12 kwenye magari. Mimi pia nakataa.

Nilibadilisha kwenda R-134a. Barabara kuu baridi safi, kwenye foleni inapuliza vuguvugu. (Dar es Salaam)

Gesi yako huenda haina kosa. R-134a inahitaji kondensa ipoe vizuri zaidi, na gari likisimama upepo unatoka kwenye feni tu. Toa vumbi na matope kwenye mapezi ya kondensa kwa maji yasiyo na presha kubwa, halafu angalia feni: kama ni ya klachi (inayozungushwa na injini) na injini ikiwa imezimwa ingali ya moto inazungushika kwa kidole bila kukaza, klachi imekwisha. Usikubali kuongezewa gesi kabla ya hapo.