Jibu: Nani hasa mwenye mamlaka ya kuzuia filamu Uingereza?

Ndugu aliyefungua uzi huu ameuliza ni chombo gani cha serikali huzuia filamu chafu Uingereza, na kama filamu yake fupi, aliyoitengeneza Dar es Salaam, itahitaji kibali ili ionyeshwe Birmingham. Najibu nikiwa mtu aliyefanya kazi kwa miaka kadhaa katika ukumbi wa sinema kaskazini mwa nchi hiyo, kwanza mlangoni nikikagua tiketi na baadaye nikisimamia zamu.

Bodi ya BBFC, inayozipanga filamu kwa madaraja ya umri na ambayo cheti chake huonekana kwenye skrini kabla ya filamu kuanza, si idara ya serikali. Iliundwa mwaka 1912 na wenye biashara ya filamu wenyewe, na huendeshwa kwa ada za wanaopeleka kazi zao zikaguliwe. Chimbuko lake ni hofu ya moto. Mikanda ya zama zile ilikuwa ikiwaka upesi mno, hivyo sheria ya mwaka 1909 ikazipa halmashauri kazi ya kutoa leseni za kumbi, nazo hazikuchelewa kuitumia leseni hiyo hiyo kuamua kipi kionyeshwe na kipi kisionyeshwe. Wafanyabiashara wakaona heri wawe na bodi moja kuliko kila mji uwahukumu kivyake.

Hata hivyo, kwa upande wa kumbi za sinema, kauli ya mwisho kisheria imebaki kwa halmashauri. Mwaka 1979 halmashauri kadhaa ziliizuia Life of Brian, filamu ya vichekesho ya kundi la Monty Python, ilhali bodi ilikwisha kuipitisha, na Westminster, katikati ya London, ilishikilia marufuku yake dhidi ya Crash ya David Cronenberg hata baada ya bodi kuipa daraja la 18 mwaka 1997 bila kukata kitu. Ndiyo maana mlangoni hatukuwa na hiari. Mzazi akija na mtoto wa miaka 13 kutazama filamu ya daraja la 15, akasema, "Mimi ndiye baba yake na nimeridhia," jibu lilikuwa lile lile, kwa sababu ridhaa ya mzazi ina nguvu kwenye 12A tu (daraja ambalo mtoto wa chini ya miaka 12 huingia akiwa na mtu mzima), na atakayewajibika kwa kuvunja masharti ya leseni ni ukumbi.

Video zina utaratibu wake. Sheria ya mwaka 1984, iliyozaliwa na taharuki ya magazeti kuhusu kanda za kutisha, ilifanya kuuza filamu isiyoainishwa na bodi kuwa kosa la jinai, na haibagui ya Hollywood na ya Kibongo. (Mwaka 2009 iligundulika kwamba serikali haikuwahi kuiarifu Tume ya Ulaya kuhusu sheria hiyo, ikabidi ipitishwe upya mwaka 2010!) Televisheni iko chini ya Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, na maudhui ya watu wazima husubiri saa tatu usiku.

Juu ya hayo yote ipo Sheria ya Machapisho Machafu ya mwaka 1959, ambayo huuliza kama kazi, ikitazamwa kwa ujumla wake, ina mwelekeo wa kuwapotosha na kuwaharibu wanaoelekea kuisoma au kuiona. Anayeamua ni baraza la raia mahakamani, na mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba kazi ina manufaa kwa fasihi, sanaa au elimu. Kwa njia hiyo kampuni ya Penguin iliachiwa huru mwaka 1960 katika kesi ya Lady Chatterley's Lover, riwaya ya D. H. Lawrence. Filamu za kumbini ziliingizwa humo mwaka 1977 tu. Kwa niliyoyaona, mkasi mkali zaidi huwa mikononi mwa wasambazaji, ambao hukata filamu zao kwa hiari ili zipate 12A na kuuza tiketi nyingi zaidi.

Kwa filamu yako, ndugu, kwa maonyesho machache huna haja ya kulipia cheti cha bodi. Mwombe mwenye ukumbi aiandikie halmashauri wiki kadhaa kabla, aambatishe muhtasari wa hadithi, nakala ya kutazama na daraja la umri mnalopendekeza. Taja waziwazi kila tukio la ngono, damu au matusi, na weka tafsiri ya mazungumzo yote, kwa sababu anayekagua huenda hajui Kiswahili.