Kichocheo cha paladiamu kinachopungua nguvu
Ndugu yangu wa Mlimani, hapa Dar es Salaam, umeuliza kwa nini kichocheo chako cha metali ya paladiamu (kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia), kilichofungwa kwenye silika, yaani chembe imara za oksidi ya silikoni, kwa ligandi, yaani molekuli zinazoishika metali, kimedhoofika katika matumizi ya tatu. Kabla ya kuilaumu silika, chuja mchanganyiko ungali moto, mmenyuko ukiwa umefika kama nusu, kisha endelea kuupasha moto mchujo, yaani kimiminika kilichopita kwenye chujio, peke yake. Ukiendelea kumenyuka, basi metali imejitenga na silika na inafanya kazi ndani ya kimiminika. Nakusihi usisubiri mchanganyiko upoe kabla ya kuuchuja, kwani paladiamu iliyoyeyuka huweza kurudi kwenye silika na kukupotosha. Linganisha pia kasi ya dakika za mwanzo, wala si mazao ya mwisho (kiasi cha bidhaa kilichopatikana), ambayo huficha udhaifu huo.