Hatuuzi nje, ITAR inatuhusu?

SWALI: Karakana yetu ya Texas inachonga vipuri vya ndege za kivita kwa mteja wa humuhumu Marekani. Je, tunabanwa na ITAR, yaani kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha nje? Na fundi mwenye viza ya kazi aruhusiwe kuona michoro?

JIBU: Mtakeni mteja aandike kila kipuri kiko kundi gani, vingine vilihamishiwa orodha ya Wizara ya Biashara, kundi 9A610 (la ndege za kivita na vipuri vyake). Vikiwa kwenye Orodha ya Silaha ya ITAR, lazima mjisajili DDTC (idara ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayosimamia ITAR) hata kama hamsafirishi skrubu moja. Usajili ni wa mwaka. Ombi la kuuhuisha lipelekwe siku 60 hadi 30 kabla haujaisha.

Kumwonyesha fundi huyo mchoro, hata kwenye skrini ya karakana, huhesabiwa ni kuusafirisha nje. Mwenye green card au mkimbizi aliyekubaliwa kisheria hana tatizo. Viza ya kazi inahitaji kibali kwanza, kwa kawaida DSP-5, leseni inayotolewa na DDTC. Wengi hunaswa na folda ya pamoja yenye michoro: mhasibu, mwanafunzi, hata fundi kompyuta wa nje, wote wana nywila.

Kama asiye na kibali keshaiona michoro, mfungieni asiifikie tena, msifute kumbukumbu za seva, kisha mjulisheni DDTC mapema. Maelezo kamili yafuate ndani ya siku 60.